Chumba cha Pili, Karagita

Mama mkwe wangu alinipa mpaka Disemba. Alinipa kwa upole, Pasaka, tukinywa chai nyumbani kwake huko juu ya Sachangwan ukielekea Molo, binti yangu akiwa nje anakimbizana na kondoo. "Baba," akaniambia, maana huniita hivyo kwa heshima hata akiwa ananigombeza, "huyu msichana anakua. Hawezi kuendelea kulala nyuma ya pazia, chumba kimoja na baba yake. Disemba shule zikifungwa nitakuja huko kwako. Nikipata bado ni chumba kimoja, nitarudi naye hapa."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Ukinigusa kidogo tu nimewaka. Lakini siku hiyo sikufungua mdomo, kwa sababu mama mkwe hainuliwi sauti, na zaidi ya hapo alikuwa anasema ukweli. Nikanywa ile chai yote ikiwa bado moto, ulimi ukaungua, nikamwita mtoto tukaenda.

Mke wangu alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Watu walitarajia nimpeleke kwa shosho yake, nikae kidogo, nioe tena, maisha yasonge. Sikumpeleka. Nilikuwa nimeshapoteza mmoja na sikuwa tayari kumtoa wa pili, hata kama ni kwa mama aliyemzaa marehemu. Wengine waliniita shujaa. Ushujaa gani? Nilikuwa nimemng'ang'ania tu, basi.

Tuliishi Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, kwenye zile ploti za wafanyakazi wa mashamba ya maua, singo ya mabati, yaani chumba kimoja tu, ndani ya ua wenye bomba moja na kelele za kutosha. Kazi yangu ilikuwa kupiga dawa kwenye grinihausi. Kitanda changu kilikuwa upande wa ukuta, halafu pazia la maua mekundu, halafu kochi ambalo mtoto alilalia, halafu jiko, ndoo na viatu vyetu. Ukisimama katikati unagusa kila kitu. Asubuhi nikienda kazini nilimwacha kwa jirani wa mlango wa tatu, mama mmoja anayeangalia watoto wa wafanyakazi, na yeye mwenyewe analea wanawe wawili peke yake. Mtoto wangu alikuwa karibu kuingia darasa la kwanza. Alikuwa ameanza kuniambia, "Baba, geuka, navaa." Ningegeukia wapi? Nilikuwa natoka nje nasimama kwenye mvua.

Kwa hiyo nikaamua kuweka akiba. Nilihitaji deposti ya chumba cha pili, kodi ya kuanzia, na kitanda cha mtoto. Si mali ya kumtisha mtu. Lakini kuweka akiba ukiwa mzazi peke yako si vile wanavyoongea kwenye redio, eti weka kidogo kidogo kila mwezi. Kidogo kipi? Mshahara ukiingia, mtoto anakohoa. Akipona, kiatu kimefunguka mdomo. Kiatu kikishonwa, gesi imeisha. Na hakuna mtu wa pili nyumbani wa kukuambia, "Wacha hiyo, mimi nitalipa." Kila kitu kinakuja mlangoni kwako, na mlango ni mmoja.

Nilijaribu kuziweka kwenye simu. Pesa ikiwa kwenye simu, kidole kinawasha. Na kama hakikuwashi wewe, kuna ndugu. Kaka yangu anaishi Nakuru, Section 58, na huyo jamaa ana pua. Sijui huwa anajuaje. Siku nikifikisha kiasi cha maana, lazima apige. "Bro, niokolee tu wiki hii." Nikamwokoa wiki hiyo na nyingine kadhaa. Nikaacha simu, nikanunua kibubu cha bati kwa fundi wa kando ya barabara, kile chenye tundu dogo juu. Nilikifungua kwa msumari kabla mwezi haujaisha, unga ulipopanda bei. Nikakaa nacho mapajani kimechanika, binti yangu ananiuliza kama kinaweza kushonwa.

Jirani ndiye aliyeniambia kuhusu chama, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu. Nilikuwa nimechelewa kumchukua mtoto, nimenuna, nikaanza kulalamika juu ya Disemba. Akanisikiliza huku akimenya viazi, kisha akasema, "Njoo Jumapili baada ya kanisa. Tunakutana hapa kwangu. Lakini ukuje na adabu."

"Si hicho ni chama cha akina mama?"

"Na wewe unafanya kazi ya nani hapo ndani?"

Nikaenda. Nilikuta wamejaa kwenye chumba chake, wengine kitandani, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa, na katikati meza ndogo yenye kitambaa. Nilipoingia, wakageuka wote. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kupita ukuta, anayepanga maua kwenye shamba jirani na letu. Akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye gambuti. "Huyu ametumwa na nani?"

Jirani akaeleza. Kelele zikaanza. Ati wanaume tunajulikana. Ati kuna mmoja aliwahi kuingizwa, akapokea zamu ya kwanza, na mpaka leo akipigiwa simu ni mteja hapatikani. Ati mwanamume akipewa pesa ya kitanda ananunua redio. Nilihisi damu inapanda. Nilikuwa karibu kusema nao maneno ambayo yangenifukuzisha ploti nzima, ndipo binti yangu, aliyekuwa mlangoni na watoto wengine, akaingia kunitafuta.

Mwenyekiti akamwita, akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku. "Nani amemsuka huyu mtoto?"

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe? Na mikono yako?"

"Kwani nimsuke na miguu?"

Chumba kizima kilicheka. Nitawaambia ukweli, mistari ile ilikuwa vituko. Ilianza vizuri kwenye paji la uso, ikafika katikati ikapotea njia, na nyuma ya sikio kulikuwa na kichaka ambacho sikujua nifanye nacho nini. Walipita mmoja mmoja wakiangalia, wakishikana mabega kwa kicheko. Mama mmoja alilia machozi. Kisha mwenyekiti akakaa chini, akamweka mtoto katikati ya magoti yake, akafumua upande mmoja na kuanza upya. Akiwa anasuka, bila kuniangalia, akasema, "Mwanaume anayekaa chini kumsuka mtoto saa nzima hawezi kutoroka na pesa yetu. Atatoroka aende wapi na hiki kichwa?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Kuanzia siku hiyo nikaitwa "mama mwenzetu", na jina hilo linaniandama mpaka leo hata sokoni.

Chama hicho kina desturi zake, na ukizicheka unatozwa. Mchango ni wa kila mwezi, na hautumwi kwa simu. Unakuja nao mkononi, unauweka mezani, kila jicho linauona. Unaposajiliwa unataja kitu unachotaka kununua, na ukishataja umetaja. Ukisema kabati, ni kabati. Na zamu yako ikifika, pesa haiingii mfukoni mwako hata dakika moja. Mwenyekiti anaibeba yeye, na wengine wawili wanakusindikiza mpaka dukani, kitu kinanunuliwa, kinabebwa, kinaingizwa nyumbani kwako wakiimba. Mwanzoni niliona ni dharau. Baadaye nilielewa kwamba wale mama wanajua vizuri njia kati ya meza na duka. Wanajua kwamba hapo ndipo kaka yako wa Section 58 anapopiga simu.

Nikaulizwa nataka nini. "Chumba," nikasema.

"Chumba hakibebwi kwa mkokoteni, mama mwenzetu."

"Basi mtanisindikiza kwa msimamizi wa ploti. Na kitanda cha mtoto."

Wakakubali. Halafu zikaja zamu. Wao walishapiga kura yao kabla sijaja, kwa hiyo mimi, mgeni, nikawekwa mwisho kabisa. Nikahesabu kwa vidole. Mwisho ulikuwa unaangukia Januari. Mama mkwe anakuja Disemba!

Hapo nikawaka. Nikapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Sasa hiyo Januari itanisaidia nini? Mtoto akishaenda nitalala mimi kwa hicho kitanda?"

"Faini ya mdomo," mwenyekiti akasema kwa utulivu. "Na ya meza. Lipa."

Nikalipa. Nadhani mimi ndiye mwanachama wa pekee aliyetozwa faini kabla hajatoa hata mchango wa kwanza. Nilitoka nje nimefura, nikamwambia jirani kwamba sirudi, wabaki na chama chao. Akaniambia, "Wewe unataka kushinda leo au unataka mtoto? Hata ikifika Januari, utakuwa na kitu. Sasa hivi uko na nini? Kaa, lipa, nyamaza." Wanawake wa Karagita hawana muda wa kubembeleza mtu. Nikakaa, nikalipa. Kunyamaza kulichukua muda zaidi.

Katikati ya mwaka maua yakapoa. Huwa hivyo, joto la kule yanakopelekwa likianza, watu hawanunui waridi kama Februari ya wapendanao. Sisi wa kandarasi tukaambiwa tupumzike nyumbani mpaka tuitwe, na kupumzika huko hakuna malipo. Nikawa naamka vilevile alfajiri, natafuta kibarua. Nimechimba vyoo. Nimepakia kabeji kwenye lori mpaka kucha zikageuka kijani. Nimebeba mawe ya mjengo, nimeosha magari ya watalii wa ziwani, nimekata ua wa mama mmoja mzee ambaye alinilipa nusu pesa na nusu mayai. Mayai hayo mtoto aliyakula akisema ni Krismasi.

Lakini kila Jumapili ya chama nilikuwa na kitu cha kuweka mezani. Siku moja nilifika nimeshika noti zenye udongo wa shimo, na mweka hazina akazipangusa kwa khanga yake, akazipanga na zingine. Nisingependa kusahau kitendo hicho. Niliona aibu, halafu nikaona si aibu kabisa, halafu nikatamani kulia, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira nikaanza kugombana na mtu aliyekuwa amekalia kofia yangu.

Walinisaidia na mambo ambayo hayakuwa kwenye sheria za chama. Sukuma wiki ilikuwa inaonekana mlangoni kwangu nisijue imeletwa na nani. Mtoto alikula kwa huyu na kwa yule. Mama mmoja alinifundisha kusuka kuanzia shingoni kuja mbele, mkono wa kushoto ukivuta ngozi, na nikafika mahali ambapo mistari yangu ilikuwa inajua inakoenda. Nilipoandaa kikao kwangu, maana kila mwanachama lazima akaribishe wenzake, nilipika chapati mwenyewe. Zilikuwa ngumu. Mwenyekiti alichukua moja akaipiga kwenye meza, ikatoa mlio. "Hii ni ya kula au ya kuezeka?" Walizila zote, na wakanionyesha nilikokosea, kwamba unga lazima upumzike baada ya kukandwa, mimi nilikuwa nimeukimbiza.

Nilikuwa nawasikiliza wakiongea, huku chapati zikitafunwa kwa shida, na nikatambua kwamba tangu nifiwe sijawahi kuwa na nyumba iliyojaa watu namna ile. Kaburi la mke wangu lilikuwa limejaza ile singo miaka yote. Siku hiyo lilisogea kidogo.

Novemba ikafika. Shamba lilikuwa limetuita tena, kwa sababu maua ya Februari huanza kushughulikiwa mapema, kwa hiyo kodi ya vyumba viwili ningeweza kuimudu. Kilichokuwa hakipo ni ile pesa ya kuanzia, na hiyo ilikuwa Januari. Nilishaanza kumwandaa mtoto. Nilimwambia kwa shosho kuna kondoo, kuna maziwa, kuna minji ya kuchuma. Akaniuliza, "Na wewe utakuwa wapi?" Nikamwambia nitakuwa nakuja. Akasema, "Kuja si kukaa." Mtoto mdogo hivyo! Niliingia chooni nikakaa huko mpaka watu wakaanza kugonga.

Jumapili hiyo zamu ilikuwa ya jirani yangu, yule anayeangalia watoto. Alikuwa ametaja cherehani. Mwaka mzima alikuwa anaongea juu ya cherehani hiyo, namna atakavyoshona sare za shule na kuacha kuchambwa na wazazi wanaomlipa wakijisikia. Alikuwa ameshaichagua dukani Naivasha mjini, akipita anaigusa. Michango ikawekwa, mweka hazina akamaliza, na mwenyekiti akamwambia, "Haya mama, vaa viatu twende."

Jirani hakusimama. Akasema, "Zamu hii nampa baba wa hapo. Mimi nitachukua yake ya Januari."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia, "Usinifanyie hivyo. Na cherehani yako?"

"Cherehani haina shosho wa kuja kuichukua," akasema.

Hakuna aliyecheka mara hii. Mwenyekiti aliangalia kila mmoja, kama kuna mwenye neno, kisha akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kusema asante. Badala yake nikasema, kwa sauti mbaya, kwamba sitaki huruma ya mtu. Mwenyekiti akasema, "Faini ya mdomo," na hapo ndipo wote wakacheka, na mimi nikacheka huku uso umelowa, na nikalipa faini hiyo kwa furaha ambayo sijawahi kulipia nayo kitu kingine.

Chumba kilichokuwa wazi kilipakana na changu ukuta kwa ukuta, mpangaji wake alikuwa amehamia Gilgil. Kila kimoja kilikuwa na mlango wake wa kutokea uani. Msimamizi wa ploti alipotuona tunakuja, mimi mbele na wanawake watatu nyuma, alidhani ni kesi. Akauliza mwanaume bila mke anataka vyumba viwili vya nini. Mwenyekiti akamwambia, "Unauliza kama nani? Wewe ndiye utamfulia?" Risiti ikaandikwa haraka. Kutoka hapo tukaenda kwa mafundi wa vitanda barabarani. Kitanda cha kwanza mwenyekiti alikikalia, kikalia. Cha pili alikikalia, kikalia zaidi. Fundi akalalamika kwamba kimetengenezwa cha mtoto si cha mtu mzima. "Mtoto ataruka," mwenyekiti akamjibu, "mimi nimekaa tu." Cha tatu kilinyamaza, tukakinunua. Kiliingia Karagita juu ya mkokoteni, wanawake wakiimba pembeni, na binti yangu ameketi juu yake anapungia watu mkono.

Mama mkwe alifika wiki ya kwanza ya Disemba, saa sita mchana, ametoka Molo asubuhi na kubadilisha gari Nakuru. Alikuwa na nusu gunia la viazi, minji kwenye mfuko wa karatasi, na begi kubwa la nguo ambalo halikuwa na kitu ndani. Nililiona begi hilo kabla sijamwona uso. Nikabeba viazi, yeye akabaki na begi lake.

Nilimkaribisha kwenye chumba cha kwanza, chai ikiwa tayari. Hakunywa. Mtoto alikuwa amemvuta mkono. "Shosho, kuja uone. Huku ni kwangu." Wakatoka, nikawafuata, nikasimama nje kidogo, maana sikutaka kuonekana kama ninayeuza kitu. Aliingia. Akakiangalia kitanda, akakibonyeza kwa mkono. Akaangalia dirisha. Akatoka tena, akaangalia mlango wangu, kisha mlango wa mtoto.

"Huu una kufuli lake?"

"Una, Mama."

"Na wako ni ule pale."

"Ndiyo, ule."

Akarudi ndani bila kuniangalia. Mimi kungojeshwa huwa kunanichoma. Nikaanza kujieleza. Nikamwambia kodi imelipwa, nikamwambia juu ya chama, cherehani, chapati, kila kitu kwa mkupuo mmoja, mpaka nikajisikia sauti inapanda. "Mama, nimefanya vile ulivyosema. Kama bado unataka kumchukua niambie tu sasa hivi, usinizungushe."

"Baba, nyamaza," akasema. "Siongei juu yako."

Akakaa kwenye kitanda cha mtoto. Akaniambia, akiangalia mikono yake, kwamba tangu azike binti yake hajawahi kulala karibu na huyu mjukuu hapa Karagita hata mara moja. Kwetu mama mkwe halali chumba kimoja na mkwe wake, hiyo haifanyiki. Kwa hiyo kila alipokuja, ikigonga saa tisa lazima ashike njia. Nilikuwa najua hiyo mila, kila mtu anaijua. Nilikuwa namsindikiza stejini, namlipia nauli, narudi nikidhani nimekuwa mkwe mzuri. "Gari likitoka hapo," akasema, "nilikuwa nalia mpaka Nakuru. Watu wakiniuliza nawaambia ni kikohozi. Nilitaka aje kwangu kwa sababu huku hakukuwa na mahali pangu. Yeye ndiye nimebaki naye wa mama yake. Nitakuwa namwona kwa masaa matatu tu mpaka nife?"

Miaka yote nilikuwa nimepigana na mama ambaye alitaka tu kulala usiku mmoja na mjukuu wake. Nikapiga magoti pale mlangoni, mimi na hasira zangu zote.

"Amka," akasema, "watu wanaona." Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, akamwambia mtoto asogee. "Baridi ya huku si kama ya kwetu, lakini nitahitaji kitu cha kujifunika. Mimi niko hapa mpaka mwaka mpya. Wewe una mlango wako, na mimi na huyu tuna wetu."

Nilitoka. Uani walikuwa wamesimama wote, jirani, mwenyekiti, na wengine ambao walijifanya wanaanua nguo ambazo hazijakauka. Jirani alikuwa ameshika sufuria kifuani.

"Anaenda naye?" akaniuliza. "Sema! Anamchukua?"

Nikafuta uso kwa mkono wa shati.

"Anaomba blanketi," nikasema.

Sufuria ilianguka, vigelegele vikapanda juu ya mabati, na milango ikaanza kufunguka, kila mmoja anakuja na blanketi lake.